Nilipiga Video ya Gari Lililokunywa Maji

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnaikumbuka ile Toyota 86 nyekundu. Video ya sekunde arobaini, jua linazama, injini inanguruma, mlango unafungwa tap, halafu mimi na sauti yangu ya kujifanya: "Hii ndio gari ya kijana anayejielewa." Mliipenda sana. Mwenye yadi alinilipa siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, hata sikumkumbusha, na kama unafanya hii kazi yetu unajua huo ni muujiza. Gari liliuzwa kabla wiki haijaisha.

Hiyo video niliitoa. Watu wameniuliza kwa nini, nikawa nawajibu na emoji. Leo nawajibu vizuri, ila itabidi tuanzie mbali kidogo, maana kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoona stori haikuanzia kwa ile yadi.

Karibu miezi mitano baada ya gari kuuzwa, kijana mmoja aliniandikia. Umri wangu tu. "Sasa bro. Mimi ndio nilibuy ile 86 ulipost." Nikadhani ananishukuru. Akatuma picha. Kapeti limeinuliwa upande wa dereva, na chini yake kuna udongo. Si vumbi, ni udongo laini wa kahawia uliokauka ukapasukapasuka kama dimbwi la Kitengela mwezi wa Januari. Picha ya pili ni soketi ya waya yenye ukungu wa kijani. Taa ya mifuko ya hewa, ile inayofura ukigonga, iliwaka kwenye dashibodi ikakataa kuzima. Dirisha la abiria linajishusha likijisikia. Mvua ikinyesha kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani, na gari linanuka, kwa maneno yake, "kama soksi za bweni." Alikuwa ameweka akiba miaka mitatu. Pesa iliyopungua alikopa Sacco, na mdhamini wake ni mamake.

Hakunitusi. Aliuliza swali moja: "Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Lakini pia nilikuwa nimekaa ndani ya hilo gari saa mbili nzima nikitafuta mwangaza mzuri, na sikuinua kapeti hata mara moja.

Sasa historia. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani anaitwa George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kule kwao gari bovu lenye sura nzuri huitwa limau. Akerlof akasema hivi: muuzaji anajua kama gari lake ni limau, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi anajikinga kwa kutoa bei ya wasiwasi, bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiiona hiyo bei anaudhika, anarudi na gari lake nyumbani. Mwenye limau anaiona anacheka, anauza. Ukirudia hivyo mara nyingi, soko linabaki na malimau. Majarida kadhaa yaliikataa hiyo makala kabla haijachapishwa, kuna waliosema ni jambo dogo mno. Mwaka 2001 ikamletea Nobel, akiwa na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Mimi wachumi huwa wananichosha, lakini huyu ukimsoma ukiwa umesimama kwenye yadi ya Ngong Road unaona kama alikuwa hapo jana akiuliza bei.

Gari la mafuriko ni limau la daraja la juu kabisa. Angalia: gari likigonga, bati linakunjwa, na hata likinyooshwa fundi mzuri ataona rangi haifanani au bolti zilifunguliwa. Gari likizama halikunjwi popote. Unaliosha, unalikausha, unaweka viti juani, unapulizia manukato, na kwa macho liko sawa. Ugonjwa uko ndani na hauna haraka. Maji ya mafuriko si maji ya kunywa, yana matope, mafuta, choo, na ukiwa karibu na bahari yana chumvi. Yanaingia kwenye soketi za waya, pale pini ndogo zinapokutana, yanaacha uchafu na unyevu. Umeme ukipita hapo, pini zinaliwa polepole. Leo iko fiti, kesho iko fiti, mwezi wa tano waya mmoja unaanza kuidanganya kompyuta ya gari. Kwenye magari mengi, kile kidude kinachoamua kama mifuko ya hewa ifure au isifure kimefungwa katikati, chini kabisa kwenye sakafu, karibu na gia. Yaani mahali maji yanafika mapema.

Kwa hiyo kati ya siku gari lilipozama na siku linapoanza kuugua kuna nafasi ya miezi. Biashara yote ya magari ya mafuriko inaishi ndani ya hiyo nafasi. Gari lililogonga linalia siku ya kwanza. Lililozama linalia ukishapewa risiti.

Biashara hii ilijulikana dunia nzima baada ya Katrina. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga hicho kilipiga pwani ya kusini ya Marekani, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na karibu asilimia 80 ya New Orleans ikawa chini ya maji. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, na hilo lisisahaulike kwa sababu mimi nazungumzia magari. Magari yaliyozama yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu, mengine yakakaa kwenye yale maji wiki kadhaa.

Kampuni za bima zililipa wenyewe. Lakini kampuni ya bima ikishakulipa, lile gari linakuwa lake, na yenyewe haitaki gari, inataka kurudisha sehemu ya pesa. Kwa hiyo linaenda mnadani. Hapo hakuna uhalifu. Kwenye hati ya gari panaandikwa kwamba hili lilifurika au limehesabiwa kuwa hasara, na anayenunua ananunua akijua.

Ujanja unaanzia hapo. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lilikuwa na sheria zake za hati za magari. Neno lililoandikwa Louisiana lilikuwa linaweza kukosa maana kwenye jimbo lingine. Unachukua gari lako la mafuriko, unalisafirisha hadi jimbo ambalo hati zake hazina hilo neno, unaomba hati mpya, na inatoka ikiwa nyeupe kama theluji. Wenyewe wanaita kuosha hati. Nilipolisoma hilo nilisimamisha kila kitu nikatembea kidogo. Watu waliosha gari kwa maji na sabuni, halafu wakaosha karatasi kwa kuvuka mpaka. Na kuosha karatasi ndiko kulikokuwa na pesa.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa imeshaandikwa. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1992 ya kutengeneza rejista moja ya nchi nzima, ya kukusanya taarifa za hati za magari kutoka majimbo yote. Katrina ilipokuja, miaka 13 baadaye, mnunuzi wa kawaida bado hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Ni mwaka 2009 ndipo kampuni za bima na yadi za vyuma chakavu zilipolazimishwa kupeleka taarifa zao, na raia akaweza kulipa pesa kidogo akaangalia. Katikati hapo, baada ya Katrina, shirika la kampuni za bima linalopambana na wizi wa magari liliamua kukusanya namba za chesisi za magari yaliyofurika na kuziweka mtandaoni bure. Ukifikiria, ni kitu rahisi sana. Orodha ya namba tu.

Oktoba 2012 ikaja Sandy, mara hii New York na New Jersey. Hesabu ya magari yaliyoharibika ilikuwa karibu robo milioni. Kuna picha za uwanja wa zamani wa ndege pale Calverton, Long Island, njia za kurukia ndege zimejaa magari yaliyopangwa safu kwa safu mpaka macho yachoke. Lakini kwa mtu anayependa magari ya kasi, stori ya Sandy ni ya bandari ya Newark. Kampuni ya Fisker ilikuwa imeegesha hapo magari yake mapya aina ya Karma, gari la betri na petroli, refu, bapa, zuri mpaka linakera, bei yake juu ya dola laki moja. Maji ya bahari yakapanda. Magari 338 yakaharibika, na 16 kati yake yakashika moto yakateketea yakiwa yameegeshwa tu, hakuna mtu ndani. Kampuni ilichunguza ikasema si ile betri kubwa iliyoanza. Ilikuwa ni chumvi kwenye kifaa kidogo cha kuongoza gari, kikapiga shoti, upepo ukasambaza moto. Kesi ya bima ikafuata, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka uliofuata, ingawa ilikuwa na shida zingine nyingi. Kifaa kidogo, kaka. Nilikumbuka ile soketi ya kijani.

Harvey wa Houston mwaka 2017 naupita haraka, ni stori ile ile ikiwa kubwa zaidi, makadirio yalifika nusu milioni ya magari. Ninayotaka kuwaonyesha ni ya kimbunga Ian, Septemba 2022, mji wa Naples kule Florida. Huenda mliiona: McLaren P1 ya manjano, imetolewa ndani ya gereji na maji, imekaa barabarani kama kiatu kilichopotezwa. P1 zilitengenezwa 375 tu duniani. Ilipelekwa mnadani Copart ikiwa na hali yake yote hadharani, na mtu wa YouTube anayejiita Tavarish akainunua kwa zaidi ya dola nusu milioni, halafu akaanza kuifungua mbele ya kamera, kipande kwa kipande. Fremu yake ni ya kaboni, haishiki kutu, lakini waya, vifaa vya umeme na betri ni hadithi nyingine, na kila video alionyesha maji yalikoingia.

Watu walimcheka kuwa amenunua takataka ghali. Mimi naona yeye ndiye mnunuzi pekee kwenye makala haya yote ambaye hakuibiwa. Alijua anachonunua, bei ilikuwa ya gari lililozama, na dunia nzima ilikuwa shahidi. Kwa hiyo msinisome vibaya, sisemi kila gari lililolowa lisagwe. Kuna watu wana ujuzi, wana muda, na wako radhi. Gari lililozama likiuzwa kama gari lililozama ni biashara kama ya mitumba: unaona tundu, unapunguziwa, unashona mwenyewe.

Magari hayo ya Marekani hayatuhusu sana sisi moja kwa moja. Usukani wao uko kushoto, na sheria yetu inataka wa kulia. Yao huishia Georgia ile ya karibu na Urusi, Nigeria, Uarabuni. Yetu yanatoka Japan.

Na Japan nayo ina maji. Machi 2011 tsunami ilibeba magari kama vibiriti, wote tuliona. Baada ya kituo cha nyuklia cha Fukushima kulipuka, nchi zinazonunua magari zilishtuka, na Kenya ilikuwa moja ya zilizotaka magari ya Japan yapimwe mionzi kabla ya kupakiwa melini. Vizuri. Ila mashine ya kupima mionzi haisomi matope. Halafu kukaja mafuriko ya Julai 2018 upande wa magharibi, ambapo zaidi ya watu 200 walikufa na mtaa wa Mabi pale Kurashiki ukabaki mapaa tu. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis. Julai 2020 mto Kuma kule Kumamoto. Sasa piga hesabu na ile sheria yetu ya miaka minane: gari la 2016 liliruhusiwa kuingia Mombasa hadi mwisho wa 2023. Magari mengi ya umri huo yaliyokuja kwetu yaliishi Japan kipindi hicho hicho cha maji. Mengi yako safi kabisa. Swali ni utajuaje.

Wajapani wenyewe wanajua. Wana jina lake, kansuisha, gari lililofunikwa na maji, na thamani yake inapunguzwa kulingana na maji yalifika wapi: sakafu, viti, au dashibodi. Kwenye mnada wao kila gari lina karatasi, mkaguzi amechora kila mkwaruzo, amepiga alama. Kama gari lilizama, panaandikwa. Tatizo ni kwamba hiyo karatasi ni ya mnada, haifungwi kwenye gari. Kinachosafiri na gari kisheria ni cheti cha kulitoa kwenye usajili wa Japan, chenye namba ya chesisi, mwaka, na mambo kama hayo. Karatasi ya mnada inabaki kwa aliyenunua pale. Akitaka atakuonyesha. Asipotaka, iko kwa Kijapani kwenye kompyuta ya mtu Yokohama. Unaona ni kuosha hati tena, ila hapa hakuna hata haja ya kuosha. Bahari inatosha.

Nilipofika hapo nikajiambia kesi imeisha, hilo 86 lilizama Japan. Nikaomba yule kijana namba ya chesisi. Kuna huduma za mtandaoni ambazo kwa dola chache zinakutafutia ile karatasi ya mnada. Nikalipa. Ikaja baada ya siku moja.

Gari lilikuwa safi. Alama nzuri, mkwaruzo mmoja bampa ya nyuma, kiti cha dereva kimechakaa kidogo. Hakuna neno la maji popote. Nikafurahi kama dakika tano, nikijiona sina kosa. Halafu nikajiuliza, sasa ule udongo?

Jibu lilipatikana kwa fundi wa waya wa Kirinyaga Road. Kijana alilipeleka afunguliwe sehemu yote ya ndani, nikaenda naye, nilikuwa nadaiwa hilo angalau. Fundi hakuangalia kapeti kwanza. Alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ule mwisho ambao hakuna mtu huvuta, na pale palikuwa na mstari. Juu ya mstari mkanda ulikuwa mweusi, chini ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. "Maji yalikaa hapa," akasema, kama daktari anayesoma kipimo cha malaria. Akafungua bolti za kiti, zina kutu, kwenye gari ambalo halijawahi kuishi Mombasa. Akainua kifuniko cha buti, chini kabisa, akachota tope lililokauka kwa bisibisi. Na ndani ya lile tope, imeshikwa kama kisukuku, ilikuwa kadi ya kukwaruza. Kadi ya kredo. Ya hapa Kenya, ya shilingi ishirini.

Tulinyamaza wote watatu. Tope lilikuwa limeingia gari likiwa hapa. Lilisajiliwa Kenya mwaka mmoja kabla ya mvua za 2024. Hayo maji hayakutoka Kurashiki wala New Orleans. Yalikuwa maji yetu.

Mnakumbuka Aprili na Mei 2024. Karibu watu 300 walikufa nchini kote. Mathare na Mukuru watu walikaa juu ya mapaa usiku, halafu wengi wakafurushwa kando ya mto. Mai Mahiu usiku wa 28 kuamkia 29 Aprili, maji yalishuka mlimani yakabeba familia zikiwa zimelala. Na katikati ya hayo yote, kwenye simu zetu, magari. Magari yanaelea, magari yamepanda ukuta, mtu amesimama juu ya boneti na laptopu kichwani. Mimi mwenyewe niliweka moja, gari jeupe linazunguka polepole kwenye maji ya kahawia, nikaliwekea wimbo wa mapenzi. Ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya hadi wakati huo. Sikujiuliza hata siku moja yale magari yalienda wapi mvua ilipoisha.

Hayakwenda popote. Mengine yalikuwa na bima ile ndogo, ya kulipa uliyemgonga tu, kwa hiyo mwenyewe alibaki na gari lenye maji na mkopo. Ungefanya nini? Unalikausha, unaliosha, unamtafuta mtu wa yadi aliuze kwa niaba. Mengine bima ililipa, ikauza mabaki kwa zabuni, na fundi fulani akayafufua. Hapa sasa ndipo nimekwama mpaka leo. Chukua logibuku ya gari la Kenya uisome. Ina namba ya usajili, chesisi, injini, rangi, mwaka, mafuta, mwenyewe ni nani. Haina mahali popote pa kuandika kwamba hili gari lilikunywa maji. Wamarekani walikuwa na neno na wezi wakalifuta. Sisi hatuna hata neno la kufuta.

Nilirudi kwa yule mwenye yadi. Simtaji, na hata nikimtaja sijui nitamshtaki na nini. Alinikaribisha chai. Nikamwonyesha picha. Akatikisa kichwa kwa huruma, na naapa ilikuwa huruma ya kweli, akasema: "Kijana wangu, mimi niliuza kwa niaba. Logibuku iko safi. Duty ililipwa. Wewe niambie, mimi nilidanganya wapi?" Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayosema kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa ni mwenendo usio wa haki. Nilikuwa nayo kwenye simu, nimejiandaa kumsomea. Halafu nikakumbuka kwamba maelezo pekee yaliyowahi kutolewa hadharani kuhusu lile gari, pamoja na maneno "iko clean, hakuna shida," yalitoka kinywani mwangu. Nikanywa chai.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu gari hili hasa, maana najua nusu yenu mnaota nalo. 86 limetengenezwa kukaa chini. Injini yake ni ile ya Subaru ya pistoni za kulala, imewekwa chini kabisa ili uzito uwe karibu na barabara, na ndio maana kona zake ni tamu. Kutoka lami hadi tumbo la gari ni kama sentimita 13. Kila kitu kinachofanya ulipende kwenye kona kinalifanya lizame kabla ya gari la jirani. Maji yanayolowesha magurudumu ya Land Cruiser tayari yako kwenye kapeti lako. Na mwenye 86 akiyaingia hayo maji kwa kasi, akidhani atapita, injini inanyonya. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni inagonga maji kama inagonga ukuta na fimbo yake inapinda. La huyu kijana lilikuwa na bahati hapo, injini ni nzima, nadhani lilizama likiwa limeegeshwa. Sehemu ya bahati yake iliishia hapo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari la namna hii, vuta mkanda mpaka mwisho. Ni bure, na hakuna muuzaji anaweza kukukatalia. Inua kapeti, na akikukataza umeshapata jibu. Angalia ndani ya taa za mbele kama kuna alama ya maji, weka mkono chini ya kiti ushike reli. Kapeti jipya kabisa ndani ya gari la miaka minane si ukarimu. Nenda na fundi wako, si wa yadi. Mimi sasa hivi kabla sijawasha kamera ninafanya hayo yote, na nimeshapoteza kazi mbili kwa sababu hiyo, mmoja aliniambia wazi kwamba alitaka mtu wa video, hakutaka polisi.

Wiki iliyopita yule kijana alinipigia. Si kuandika, alipiga. Sacco wanakata mshahara kila mwezi, fundi amempa bei ya kubadilisha waya zote, na ni pesa ambayo hana. Ameamua kuuza. Kapeti limeoshwa, mkanda mpya umepatikana, taa ya mifuko ya hewa kuna jamaa anajua kuizima. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Bro, si tupige ile video tena? Ile ya kwanza ilifanya vizuri."

Nilimwambia nitapiga, bure, lakini tunaanza na kapeti likiwa juu na ile kadi ya kredo mkononi, na bei iwe ya gari lililozama. Akaniuliza tofauti ya bei ataitoa wapi. Sikuwa na jibu. Pesa niliyolipwa na yadi nimeshampa yote, haifiki hata nusu ya bei ya ile kompyuta ya mifuko ya hewa.

"Na yule aliyeniuzia mimi," akasema, "mbona yeye hakuanza na kapeti juu?"

Jumamosi tunakutana kwa fundi. Nitakuja na kamera. Hajaniambia bado kama niitoe kwenye begi.